Lita Mbili na Kikombe, Kila Upande

Usimwambie Lorna kwamba oili ni oili. Wapo waliowahi kumwambia hivyo pale gerejini kwake Minjila na wakayajutia maneno yao, maana mwanamke yule akikasirika hanyamazi, na ukimwona amenyamaza ujue anatafuta spana ya kukurushia. Ana miaka arobaini na mmoja. Ni mrefu, mwembamba, mikono imeingia grisi hadi kwenye viwiko, lakini kucha zake ni nyekundu kama za bibi harusi. Watu humcheka kwa kucha hizo. Yeye husema rangi ile hakuinunua kwa ajili ya urembo, aliinunua kwa kazi, na inayobaki ndiyo anayojipaka.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye kona ya gereji kuna pipa la oili namba arobaini, ile nzito inayonunuliwa na wakulima wa kando ya mto kwa ajili ya pampu zao za maji. Pampu haidekezwi, ukiipa nzito inakunywa, inanguruma, inavuta maji, basi. Sasa wakulima hao huja mikono mitupu, hawana hata chupa. Lorna huchukua galoni tupu za oili nzuri ya magari, zile za lita tano zenye kifuniko kinachokaza sawasawa, anaziosha, anawajazia humo mapema na kuzipanga rafu ya chini. Na ili asije akajichanganya mwenyewe, kila galoni aliyoitia oili ya pampu huidondoshea tone la rangi ya kucha juu ya kifuniko. Wenye pampu wanaijua alama hiyo, na wasio na pampu hawana habari nayo.

Halafu ana tabia moja. Ukifika gerejini utaongea na miguu yake tu, kwa sababu mwenyewe yuko chini ya gari, na utamwuliza utakalo, naye atakujibu kutoka huko chini kwa sauti ya kuchoka na watu: chukua, weka pesa kwenye mkebe, niache nifanye kazi. Wateja wamezoea. Wanachukua, wanaweka, wanakwenda zao.

Wengine husema hasira ya Lorna ni ya kuzaliwa nayo. Uongo mtupu. Alizaliwa Ngao, binti wa mtu aliyeendesha pampu ya shamba, na wazee wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mpole, mtoto wa kukaa kando ya injini ya baba yake siku nzima akisikiliza tu. Hasira ilikuja baadaye, mwaka mama yake aliposhikwa na homa wakiwa wamehamia mbali na kijiji, njia imejaa matope, gari hakuna. Wakampakia kwenye mkokoteni wa punda wampeleke hospitalini Ngao. Walipofika getini, muuguzi alimgusa shingoni, akawatazama, akawaambia wangemleta asubuhi. Na asubuhi walikuwa wameshazunguka vijiji viwili wakiomba gari. Tangu siku hiyo Lorna haoni gari bovu akacheka nalo.

Ndiyo maana Gari la Amani lilimwingia moyoni kuliko walivyodhani wenyewe waliolileta.

Baada ya ile miaka ya ugomvi wa maji na malisho, ambayo hapa kwetu hakuna anayependa kuitaja, pande tatu zilikaa chini: wafugaji, Wapokomo wanaolima kando ya mto, na Wagiriama wanaolima mahindi ya mvua. Wakaunda kamati. Wakachanga, na watoto wao walioko mijini wakachanga pia, likanunuliwa gari la kupeleka wagonjwa Ngao. Ni pikapu ya dizeli ya milango minne, yenye turbo, na ubavuni limeandikwa jina lake kwa rangi ya kijani. Ili asije mtu akalifanya lake, kazi ziligawanywa. Dereva akatoka kwa wafugaji, kijana mtu mzima anayeitwa Dado. Gari likalala uani kwa Kalama, Mgiriama. Fundi akatoka kwa watu wa mto, naye ni Lorna. Uenyekiti na ufunguo wa stoo akapewa Muslima, muuza maziwa ya ngamia, kwa sababu Muslima hamwogopi mtu na hana rafiki wa kumpendelea.

Hadi hapo kamati ilikuwa na akili. Kisha ikafika kwenye oili, akili ikawatoka.

Waliamua kwamba upande mmoja ukinunua oili, upande huo utajisifu kwamba ndio unaolipatia gari uhai. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu, siku ya kubadilisha oili, kila upande ulete galoni yake na umimine lita mbili na kikombe, kwa mkono wa mjumbe wake, mbele ya watu. Injini hiyo inachukua karibu lita saba, hesabu ikakubali. Ikasomwa dua, ikaombwa sala, watu wakapiga makofi. Oili iliyobaki kila mmoja akaondoka nayo kwenye chupa, na galoni tatu tupu zikafungiwa stoo kwa Muslima hadi zamu nyingine, ziwe shahidi, asije mtu akasema upande fulani haukumimina.

Siku ya kwanza ya sherehe hiyo Lorna alisimama pale na filta mkononi akitamani ardhi ipasuke. Mmoja alileta oili ya pikipiki. Mwingine alileta namba arobaini. Wa tatu alileta nzuri kidogo, lakini ya petroli. Wakamimina zote kwenye tundu moja huku wakishikana mabega. Lorna alipofungua mdomo aliambiwa asilete siasa, hiyo ni amani inamiminwa. Yeye akawajibu kwamba injini haijui amani, inajua oili. Walimcheka, wakaenda kunywa chai.

Turbo ya kwanza ilikufa baada ya miezi mitano.

Basi akawaita kamati yote gerejini, akawaketisha juu ya matairi, akawafundisha kwa hasira. Akaishika turbo iliyokufa, akawaonyesha kwamba ni feni mbili kwenye kijiti kimoja. Moja inasukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, nyingine inaishindilia injini hewa ili ipate nguvu. Kijiti hicho, akawaambia, kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na hakikalii chuma. Kinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko karatasi. Ukiwasha gari na oili ikachelewa kufika kwa sababu ni nzito, kijiti kinajisaga. Oili isiyo na dawa ya kustahimili moto ule ikiingia humo, inaungua, inakuwa masizi, inaziba mrija. Na ukizima gari likiwa bado la moto, oili inasimama palepale na kuungua, kwa hiyo dereva aliache lingurume kidogo kabla ya kuzima. Dado akauliza kidogo ni kiasi gani. Lorna akamwambia asome Kul huwallahu mara kumi bila haraka. Tangu siku hiyo Dado husoma, hata akifika na mgonjwa anayepiga kelele. Wenzake wanamshusha mgonjwa, yeye midomo inatikisika.

Aliyepinga ni Mzee Abdiwahid, mjumbe wa wafugaji. Huyu ni mtu wa heshima zake, mwenye ngamia na duka Garsen, na mwenye Landkruza kuukuu aliyoinunua akiwa kijana. Alisema joto la huku si la Nairobi, oili nyepesi itageuka maji. Landkruza yake imekunywa namba arobaini miaka ishirini na bado inapanda matuta. Lorna akamjibu kwamba Landkruza yake haina turbo, ni punda wa zamani, inakula hata makaratasi. Akachukua chupa mbili za soda, moja akaitia namba arobaini na nyingine oili inayotakiwa, akadondosha shanga kwenye kila moja. Shanga ya kwanza ikashuka kama mtu anayekwenda asikotaka, ya pili ikafika chini mara moja. Akawaeleza kwamba kwenye galoni kuna namba mbili: ya kwanza inasema oili itakimbiaje injini ikiwa imelala, na ya pili inasema itasimamaje injini ikishachemka. Kitabu cha gari hili kinataka tano na thelathini, ya dizeli, iliyoandikwa kwamba inafaa turbo. Joto la Garsen limeshahesabiwa ndani ya namba ya pili, hakuna haja ya kuliongezea.

Abdiwahid alitazama zile chupa kwa muda mrefu. Mwishowe alisema amesikia, na zamu ijayo ataleta hiyo.

Na kweli, zamu iliyofuata galoni zote tatu zilikuwa sura moja. Caleb, mdogo wake Lorna, ambaye ni karani wa kanisa na mjumbe wa watu wa mto, alizisoma namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, akaziandika kwenye daftari. Turbo mpya ilikuwa imefungwa, injini imesafishwa, Lorna mwenyewe, akisikiliza kutoka chini ya gari alikokuwa akikaza filta, aliridhika. Unajua ilivyo nadra hiyo? Alirudi nyumbani akapika wali.

Miezi miwili tu. Jumanne moja Dado akaingia gerejini gari likipiga mluzi, moshi wa buluu umefunika barabara. Alikuwa amembeba mwanamke mwenye uchungu kutoka upande wa malishoni, gari likaisha nguvu katikati ya njia, likawa linatambaa. Mtoto akazaliwa hukohuko, kwenye kiti cha nyuma, akapokewa kwa shuka ya Dado. Mama na mtoto walikuwa wazima. Kabla Dado hajamaliza kulieleza hilo, Lorna alikuwa ameshafungua boneti.

Alifungua mrija wa hewa, akaingiza kidole, akakishika kijiti. Kikacheza kama jino la mzee. Akaufungua mrija mwembamba unaoipelekea turbo oili, akaupuliza. Haukupitisha pumzi. Alipouchokoa kwa waya yakatoka masizi meusi, makavu, kama ukoko wa chungu. Akamwaga oili kwenye beseni, akaisugua kati ya vidole. Haikuwa oili waliyokubaliana. Ilikuwa na uzito mwingine ndani yake, na mkono wa Lorna haudanganyiki kwa uzito huo, ameushika tangu akiwa mtoto.

Ndipo damu ikamchemka. Kosa la kutojua angelisamehe. Lakini watu walikaa juu ya matairi yake, wakaona chupa, wakakubali, ikaandikwa, kisha mmoja wao akaenda nyumbani akajaza takataka kwenye galoni nzuri akaja kumimina akishika wenzake mabega. Mtu huyo amelilisha gari sumu kwa makusudi. Na masika yalikuwa wiki tatu mbele. Mvua zikianza kabla gari halijapona, watu wa ng'ambo ya mabwawa watarudi kwenye mikokoteni.

Kikao kiliitwa kesho yake, kwenye banda la Muslima kando ya barabara. Kalama ndiye aliyeanza. Alisema tatizo ni dereva: Dado analikimbiza gari na kulizima likiwa la moto pale kwenye kizuizi cha askari barabarani. Dado akainamisha kichwa. Lorna akainuka na kumwambia Kalama kwamba akitaka kujua dereva anavyozima gari akasimame pale asikilize sura inavyosomwa mara kumi, kisha aje amtake radhi. Masizi aliyoyatoa hayakuwa ya kuzima vibaya. Yalikuwa ya oili.

Angeishia hapo. Jamani, angeishia hapo. Lakini alikuwa ameshasimama, na Lorna akisimama haketi hadi amalize yote yaliyomjaa.

Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema kati ya galoni tatu mojawapo ilikuwa ya uongo, na si lazima mtu awe mganga kujua ni ya nani, kwa sababu mmoja tu ndiye aliyekaa gerejini kwake akitetea oili nzito. Akamgeukia Mzee Abdiwahid. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakora katikati ya magoti, na mkwe wake pembeni, kijana aliyemwoa binti yake mwezi uliopita tu.

"Mzee Abdiwahid, wewe ndiye umeliua gari hili," alisema, na sauti yake ilivuka banda, ikavuka barabara, hadi wauza matikiti ng'ambo wakageuka. "Ulisema utaleta nzuri, ukaleta ya Landkruza yako. Wewe ni mwongo."

Mwanamke, Mpokomo, amemwita mzee wa Kisomali mwongo mbele ya mkwewe. Abdiwahid alijiinua kwa bakora yake, akatikisa kikoi, akamwambia Muslima kwa upole kwamba upande wa wafugaji unajitoa. Mchango wao uliomo kwenye mfuko wa kamati warudishiwe, na Dado akabidhi funguo. Akatoka, na mkwe wake nyuma yake.

Sasa ujue maana ya jambo hilo. Pande mbili haziwezi kununua turbo. Na hata kama zingeweza, gari la pande mbili si Gari la Amani tena, ni gari la watu fulani dhidi ya wengine, na barabara ya malishoni halitapita. Kalama akaanza kusema lake, Muslima akamkata. Alimtazama Lorna kama anavyotazama maziwa yaliyoganda.

"Umemaliza?" aliuliza. "Haya. Galoni ziko stoo. Usinirudie na maneno, nirudie na galoni."

Akamrushia ufunguo.

Stoo ya Muslima inanuka maziwa na moshi wa kufukizia vibuyu. Galoni zilikuwa juu ya rafu, kila moja na karatasi ya jina la upande wake iliyogandishwa kwa gundi. Lorna aliiendea ya wafugaji kwanza, kwa pupa, kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi akiwa bado na mali. Shingoni mwake ilifungwa kwa uzi risiti ya duka la vipuri la Malindi. Abdiwahid mwenye duka lake Garsen alikwenda hadi Malindi kutafuta oili hiyo. Lorna akaiinamisha, matone ya mwisho yakamwangukia kiganjani. Yalikuwa ya rangi ya asali, yakakimbia hadi kwenye mkono. Tano na thelathini halali.

Akasema basi ni Kalama. Akaichukua galoni ya Kalama. Asali ileile.

Hakuigusa ya tatu upesi. Alisimama akiitazama, na hapo bado alikuwa akijiambia kwamba pengine ni mchanganyiko wa kiwandani, pengine ni filta. Kisha akaishusha kwenye mwanga wa mlango, akaona juu ya kifuniko tone la rangi nyekundu, dogo kama punje ya mtama, limepasuka kidogo pembeni.

Alimpigia Caleb simu palepale. Hakumsalimu. Alimwuliza oili ya zamu ile aliinunua wapi. Caleb alishangaa kuulizwa. Alisema baada ya turbo ya kwanza kufa hakuwa na imani na duka lolote, kwa hiyo alikwenda gerejini, akazisoma namba kwenye galoni, zikawa sawa na za kwenye daftari, akamwuliza Lorna kama aichukue ile iliyo rafu ya chini.

"Ulikuwa chini ya lori, dada. Ukaniambia chukua, niache nifanye kazi," alisema. "Nilichukua kwako kwa sababu najua kwako hakuna oili mbaya."

Lorna alikata simu. Akakaa chini kwenye sakafu ya stoo, kati ya vibuyu, akamtukana Caleb kwa Kipokomo matusi yote anayoyajua. Mpumbavu, karani, mtu wa kusoma namba asiyejua kushika oili kwa vidole. Angemwuliza tena! Angesubiri atoke chini ya lile lori! Lakini alivyozidi kutukana ndivyo alivyokuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe, chukua, niache, kwa sauti ileile anayomjibu kila mtu, na matusi yakamwishia mdomoni. Rafu ya chini ni yake. Galoni ni yake, aliiosha kwa mikono yake na kuijaza kwa mikono yake. Alama ni yake, na mbali na wenye pampu hakumwambia mtu. Kwa miezi yote hiyo aliwafundisha watu wazima kusoma namba kwenye galoni, na nyumbani kwake mwenyewe namba kwenye galoni zilikuwa zikidanganya.

Ukucha wake ukawa umeshafika juu ya kifuniko. Lile tone lilikuwa limelegea, angelikwangua mara moja tu likatoka, na hakuna ambaye angejua kamwe. Angesema ni kiwanda, ameona galoni bandia, zimejaa siku hizi. Kamati ingemwamini, nani mwingine anajua oili? Alikwangua kidogo. Kipande chekundu kikaingia chini ya ukucha mwekundu.

Kisha akawaza jambo moja la kawaida kabisa, la kifundi. Akilikwangua, Abdiwahid bado ni mwongo. Na Abdiwahid akiwa mwongo, wafugaji hawarudi, turbo hainunuliwi, gari litakaa juu ya mawe uani kwa Kalama huku mvua inakuja. Na getini pale Ngao muuguzi ataendelea kuwaambia watu mngemleta asubuhi. Alijiona mpuuzi kukaa hapo na kifuniko. Akainuka, akafunga stoo.

Alimkuta Mzee Abdiwahid mnadani Garsen, kwenye soko la mifugo, siku ya soko, saa ya watu kujaa. Angeweza kumsubiri nyumbani jioni. Lakini alijua kwamba akisubiri atajipa sababu ya kutokwenda. Akapita kati ya mbuzi na vumbi na wanaume waliokuwa wakipapasana vidole chini ya vitambaa kupatana bei, akafika mbele yake, akaiweka galoni chini. Mkwe alikuwepo. Watu kumi na zaidi walikuwepo, wote wameshasikia habari za banda la Muslima, maana maneno ya Minjila hufika Garsen kabla ya jua kuzunguka.

Lorna aliongea akitazama galoni. Alisema oili mbaya ilitoka kwake. Alisema mdogo wake aliichukua gerejini akidhani ni nzuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeijaza oili ya pampu ndani ya galoni ya oili nzuri na kumjibu bila kutoka chini ya gari. Alisema anaomba radhi. Aliyasema hayo yote vizuri, kwa mpangilio, lakini kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna mteja wake aliyewahi kuisikia. Mbuzi walikuwa na kelele kuliko yeye.

Abdiwahid alimsikiliza hadi mwisho. Hakuonekana kufurahi wala kulainika. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyekwenda Malindi na kurudi juani kutafuta alichoambiwa akitafute, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Binti," alisema, "juzi sauti yako ilivuka barabara. Wauza matikiti waliisikia. Leo mbona mimi niliye mbele yako siisikii?"

Lorna akainua kichwa.

"Sema tena," alisema mzee. "Kwa sauti ile ile."

Na kitu kilimpanda, hakujua ni aibu au ni ghadhabu, maana kwake vitu hivyo viwili vimelala kitanda kimoja miaka yote. Alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia asimdhalilishe mbele za watu, na hapo hapo akakumbuka nani alianza kudhalilisha watu mbele za watu. Akavuta pumzi. Akapanua mdomo.

"Mimi Lorna, fundi wa Minjila, ndiye niliyeliua Gari la Amani," alisema, na wanunuzi wa mbuzi waliokuwa upande wa pili wa boma wakaacha vidole vyao. "Oili mbaya ilikuwa yangu. Mzee Abdiwahid alileta nzuri. Mzee Abdiwahid hakusema uongo."

Sauti ilifika barabarani. Dereva mmoja wa lori la mchanga alipunguza mwendo akatazama. Mkwe wa mzee alijifuta uso kwa kitambaa, na mabega yake yakatulia.

Abdiwahid alizungusha macho bomani, kama anayehakikisha kwamba maneno yamefika kila mahali yalipotakiwa kufika. Kisha akaiokota ile galoni yeye mwenyewe, akaigeuza, akalitazama tone jekundu lililokwanguliwa nusu, akazitazama na kucha za Lorna. Aliona. Akamwambia mkwewe ampigie Dado simu, arudi kwa Kalama achukue funguo zake, na ampigie Muslima amwambie mchango wa wafugaji ubaki ulipo. Akamrudishia Lorna galoni yake, akamwambia turbo ikifika amwite, anataka kuona kwa macho yake oili ikimiminwa.

Akaanza kutembea kuelekea dukani, bakora ikigonga mavumbi. Lorna alifuata nyuma yake, maana njia ya kurudi Minjila ilikuwa hiyohiyo, galoni tupu mkononi, hasira bado imemjaa, na safari hii hakuwa na mtu wa kumrushia.